Kufufua na Kutumia Mashine ya Zamani ya Kufulia Yenye Kikamulio

Mashine ya kufulia yenye kikamulio ni pipa lililosimama juu ya miguu minne, lenye upekecho katikati, mota chini ya tumbo, na ubavuni mwake mkono unaobeba rola mbili za mpira ambazo huibana nguo na kuitoa maji. Haijijazi maji wala haijizimi, bali mtu ndiye anayeijaza, anayekadiria dakika, na anayepitisha kila nguo kati ya zile rola. Aliyekulia katika nyumba ambamo maziwa au mboga zilipekechwa kwa kijiti kati ya viganja viwili, huku na huku, hahitaji kuelezwa sana jinsi inavyofua, kwa kuwa upekecho wa mashine hufanya kazi ile ile: hugeuka nusu mzunguko upande huu, kisha hurudi upande ule, na maji hulazimika kupita ndani ya nyuzi za nguo.

Mwongozo huu unahusu hasa Maytag ya modeli E, ile yenye pipa la mraba la alumini iliyosubiwa, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa mikono yangu hapa Iowa, jimbo la Marekani ninakoishi. Kampuni ya Maytag ilianzishwa mwaka 1893 katika mji wa Newton, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Des Moines, ikitengeneza vifaa vya kulishia mashine za kupuria nafaka. Mwaka 1907 ilianza kutengeneza mashine za kufulia, kwa kuwa zana za kilimo ziliuzwa kwa msimu tu, na mwaka 1922 ikatoa Gyrafoam, ambayo upekecho wake ulikaa kwenye kitako cha pipa badala ya kuning'inia kutoka kwenye kifuniko. Mashine zake za vikamulio ziliendelea kuundwa hadi mwaka 1983. Kampuni ilinunuliwa na Whirlpool mwaka 2006, na kiwanda cha Newton kikafungwa mwaka uliofuata, kwa hiyo vipuri vingi leo hutoka kwenye mashine nyingine iliyokufa au kwa mafundi wachache wanaovichonga upya. Hata hivyo mashine yenyewe iliundwa ili ifunguliwe: karibu kila kitu kimeshikwa kwa bolti na skrubu, na mtu mwenye spana, bisibisi na subira anaweza kufika hadi moyoni mwake. Maelezo yaliyomo humu yanafaa kwa kiasi kikubwa pia kwa Speed Queen, Easy, Thor na nyinginezo za enzi hiyo.

Kukagua kabla ya kununua

Nenda na tochi, kitambaa na gazeti la kulalia, kwa sababu ukaguzi wa maana hufanyika chini ya mashine. Kabla ya kuichomeka kwenye umeme, na hata kama muuzaji anasisitiza kwamba inafanya kazi, lala chini uizungushe puli ya mota kwa mkono huku wenzo wa upekecho ukiwa umewashwa. Upekecho ukitingishika huku na huku bila mkwaruzo, giaboksi ni hai. Angalia kitako cha giaboksi: ukungu mwembamba wa mafuta si jambo la kutisha, lakini mchirizi mweusi unaoshuka hadi sakafuni, au mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, unaonyesha kwamba sili imekufa na maji yameingia mahali pasipotakiwa kuwa na maji.

Kisha piga pipa kwa kifundo cha kidole na usikilize, kwa kuwa alumini iliyopata ufa hutoa mlio uliokatika. Bonyeza mpira wa rola kwa ukucha: mpira mzuri unarudi, uliozeeka hubaki na alama au hukatika kama kaki, na ulioharibiwa na mafuta hunata kidoleni. Mwisho piga fito ya dharura iliyo juu ya kikamulio uone kama rola zinaachana. Mimi huikubali mashine yenye rola mbovu, kwa kuwa rola huweza kuvikwa mpira mpya, lakini huiacha ile ambayo giaboksi yake imekauka na kushikana, hata ikiwa inang'aa namna gani.

Umeme kabla ya urembo

Wengi huanza na msasa na rangi, na hapo ndipo wanapokosea. Mashine hii ni chuma na maji katika mkono mmoja na umeme katika mkono wa pili, na waya wake wa asili aghalabu una nyuzi mbili tu, bila waya wa ethi, yaani ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Mashine yangu ya kwanza niliuziwa kama iliyokwisha kutengenezwa. Plagi ilikuwa mpya na nyeupe, na nilipoigusa kona ya pipa kwa mgongo wa kidole nilisikia msisimko kama wa mdudu anayetembea chini ya ngozi. Fundi aliyeitengeneza alibadilisha plagi peke yake. Ndani ya kiunzi, pale waya ulipopita kwenye tundu la chuma, gamba la mpira lilikuwa limepukutika lote na shaba ilikuwa ikilalia chuma kila mota ilipotetemeka. Laiti ningekuwa nimesimama kwenye maji siku ile, mambo yangekuwa mengine.

Kwa hiyo toa waya wote wa zamani, kuanzia plagi hadi kwenye mota, pamoja na ule unaokwenda kwenye swichi. Weka waya wa nyuzi tatu wenye gamba nene la mpira, uupitishe kwenye tundu lenye pete ya mpira, na uubane ndani ili ukivutwa using'oe viungo. Hapa Marekani uzi mweusi ni wa moto, mweupe ni wa kurudi, na wa kijani ni wa ethi. Afrika Mashariki rangi za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Waya wa ethi ufungwe kwa bolti kwenye kiunzi cha mota, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma kitupu kionekane, kisha upime kwa mita kwamba pipa, miguu na kichwa cha kikamulio vyote vimeungana nao. Kipimo cha mwisho ni cha insulesheni: kwa kifaa cha volti 500 kinachotumiwa na mafundi umeme, ukinzani kati ya nyuzi za mota na kiunzi usipungue megaomu 1. Mashine isiyofikia hapo haipaswi kuchomekwa popote. Hata ikifikia, ichomeke kwenye soketi yenye kinga inayokata umeme papo hapo unapovuja, na soketi hiyo iwe mbali na mahali maji yanapomwagika.

Upekecho, mota na giaboksi

Upekecho wa Maytag hukaa juu ya mhimili wake bila skrubu katika modeli nyingi, na unapaswa kutoka ukivutwa moja kwa moja kwenda juu, lakini baada ya miaka 40 ya sabuni na chokaa ya maji hung'ang'ania kama uliochomelewa. Usiupige nyundo, na usiubetue kwa bisibisi kutoka upande mmoja, maana mabawa yake hukatika. Jaza pipa maji ya moto mpaka upekecho ufunikwe, uache kwa nusu saa, kisha toa maji, pitisha mkanda mpana wa kitambaa chini ya mabawa mawili yanayoelekeana, na uvute sawasawa kwa mikono miwili huku mtu wa pili akiugonga juu kwa kipande cha mbao. Wa kwangu ulihitaji jioni tatu za maji ya moto, na ulipotoka ulikuwa na utepe wa kijivu wa sabuni iliyoganda, nene kama ganda la yai, kuuzunguka mhimili wote. Safisha utepe huo kwa siki na brashi, kausha mhimili, upake grisi nyepesi isiyoyeyuka majini, na tangu hapo uwe na desturi ya kuutoa upekecho kila baada ya kufua. Wakati huo huo badilisha sili ya mpira iliyo mahali mhimili unapotoboa kitako cha pipa, kwa kuwa ndiyo pekee inayozuia maji yasishukie giaboksi.

Pipa la alumini lisiguswe na magadi makali ya kusafishia mabomba wala sabuni yenye magadi mengi, kwa sababu huila alumini na kuiacha nyeusi. Siki au ndimu iliyochanganywa na maji ya moto huondoa chokaa na kurudisha weupe wa kutosha.

Mota za wakati huo hubebwa na bushi, wala si beringi za gololi, na bushi hizo zina vitundu viwili vidogo vya mafuta ambavyo mara nyingi vimezibwa na pamba ya vumbi. Vizibue, utie matone machache ya mafuta mepesi ya mota za umeme ya daraja la SAE 20, na uzungushe shafti kwa mkono mpaka iende bila kukwama. Mkanda uliopasuka au kung'aa kama kioo ubadilishwe. Mpya ukazwe kiasi kwamba ukibonyezwa katikati kwa kidole uingie sentimita moja hivi. Giaboksi isiyopiga kelele na isiyovuja iache ilivyo. Inayovuja ishushwe, ifunguliwe juu ya karatasi safi, ioshwe, iwekewe gasketi mpya na ijazwe oili nzito iliyotajwa kwenye kijitabu cha modeli yako, kwa kuwa oili nyepesi ya gari itapita kwenye sili zote kabla ya mwezi kwisha.

Kikamulio

Hapa ndipo mashine hii inapopata jina lake, na ndipo panapostahili muda wako mwingi. Legeza kabisa kitasa cha mkazo kilicho juu, ondoa fremu ya juu pamoja na springi yake, kisha toa rola ya juu na baadaye ya chini, ukipiga picha kila hatua. Katika mashine nyingi rola ya chini ndiyo inayosukumwa na gia, nayo ya juu hufuata tu kwa kuguswa. Moja huwa laini na nyingine ngumu zaidi, ili vifungo vya nguo vizame kwenye ile laini badala ya kuvunjika, kwa hiyo usizibadilishane mahali. Vikalio vya shafti zake kwa mashine nyingine ni vya mbao iliyoloweshwa mafuta na kwa nyingine ni vya nailoni; vilivyolika upande mmoja huifanya rola ikae mshazari, na nguo zote zitakimbilia kona moja.

Mpira uliochafuka tu huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Uliong'aa juu lakini ungali laini ndani unaweza kusuguliwa taratibu kwa msasa laini uliolowa, huku rola ikizungushwa, mpaka ngozi ile ngumu iondoke. Petroli, mafuta ya taa na grisi visiuguse kamwe. Ukiwa umepasuka au umeota bapa, mpelekee mtu anayevika rola mpira upya, na umpe vipimo vinne: urefu wa mpira, kipenyo chake, urefu wa shafti nzima, na umbo la ncha zake.

Ukishairudisha yote, kata vipande viwili vya karatasi vyenye upana sawa, uvibane kati ya rola, kimoja kila mwisho, na uvivute kwa pamoja. Vinapaswa kuleta ukinzani ule ule. Kimoja kikitoka kwa urahisi, mkazo hauko sawa. Baada ya hapo washa kikamulio, pitisha taulo iliyokunjwa, na likifika katikati piga fito ya dharura. Rola ziruke na kuachana mara moja. Rudia jaribio hilo mara kumi, na ikishindikana hata mara moja, fungua tena utafute kutu au springi iliyochoka. Hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu ninayoisisitiza kama hii. Ajali za watoto walioingiza mikono kwenye vikamulio zilikuwa nyingi kiasi kwamba madaktari wa Marekani walikuwa na jina maalumu la jeraha hilo, yaani mkono wa kikamulio, ambamo ngozi huweza kuonekana nzima huku misuli chini yake imesagika.

Rangi na kutu

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa haina siri. Rangi ya mashine iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1978 ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo piga msasa wa maji, vaa barakoa, na usifanye kazi hiyo mahali watoto wanapocheza. Miguu na kiunzi vipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Ndani ya pipa hapapakwi chochote.

Kuipeleka nyumbani, na isiyotumia umeme

Baadhi ya wenzetu huniuliza kama mashine hizi zinaweza kupakiwa kwenye kontena hadi Mombasa au Dar es Salaam. Zinaweza, ila mota ya hapa ni ya volti 120 na hezi 60, ilhali huko umeme ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya mizunguko 1725 kwa dakika itashuka karibu na 1430 na itapata joto zaidi. Njia bora ni kuacha mota ya zamani na kufunga ya huko, yenye nguvu ya kilowati 0.25 na mizunguko 1425 hivi, kisha kuiwekea puli yenye kipenyo kikubwa kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya asili, ili upekecho urudi kwenye mwendo wake. Hakikisha mota hiyo inazunguka upande ule ule, la sivyo levi ya kikamulio itafanya kinyume cha maandishi yake.

Maytag ilitengeneza pia mashine za injini ya petroli kwa mashamba yasiyofikiwa na umeme, zikiwashwa kwa kukanyaga pedali, na Waamishi wengi, Wakristo wanaojiepusha na umeme wa gridi, wakiwemo wa Kalona kusini-mashariki mwa jimbo hili, wangali wanafua kwa vikamulio vinavyoendeshwa kwa injini. Injini za Maytag za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake lazima utolewe nje kwa bomba la chuma. Kufua na injini ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Kufua

Tayarisha mashine na mabeseni mawili makubwa ya maji safi, moja la kusuuza kwanza na la pili la kumalizia, yakiwa yamepangwa ili kikamulio kikigeuzwa kiweze kusimama kati ya chombo na chombo. Jaza pipa maji ya moto hadi alama, tia sabuni isiyo na povu jingi, na uipekeche kwa dakika moja kabla ya nguo kuingia. Maji hayo hayo yatafua mizigo mitatu au minne, na ndiyo sababu mpangilio ni lazima: mashuka na nguo nyeupe kwanza kwa dakika 8 hadi 10, kisha za rangi kwa dakika chache zaidi ya 5, halafu nguo za kazi. Kanga mpya, kwa kuwa huchuja, iwe ya mwisho kabisa au isubiri siku yake. Usijaze kupita kiasi; nguo ikishuka katikati inapaswa kuonekana ikipanda tena pembeni, na zikisimama tu na kutingishika, punguza.

Unapokamua, kunja nguo ili vifungo na zipu viwe ndani, ingiza kwanza pembe nyembamba, na uiachie mara rola zinapoishika. Kinachokataa kuingia kisukumwe kwa mwiko wa mbao, kamwe si kwa vidole. Foronya iingizwe kwa upande uliofungwa, maana ukitanguliza mdomo wake, maji na hewa hujikusanya mwishoni na kuipasua. Mablanketi yakunjwe kwa urefu, na mkazo ulegezwe. Nguo ikijizungusha kwenye rola, usiivute: piga fito ya dharura, weka levi katikati, kisha irudishe nyuma. Funga nywele, vua pete na bangili, pandisha mikono ya nguo juu ya kiwiko, na ncha ya mtandio au kanga ichomekwe vizuri kiunoni. Vaa viatu vya mpira, na watoto wakae chumba kingine.

Kutoka kwenye sabuni, nguo huangukia beseni la kwanza, hukamuliwa hadi la pili, ambamo nyeupe hutiwa buluu kidogo, na hukamuliwa mara ya mwisho kabla ya kuanikwa. Zinazotiwa kanji zitiwe baada ya hapo. Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, alilishika shuka lililotoka kwenye rola, akalikunjua, akalitazama dhidi ya mwanga, akasema, "Baba, hii inakamua kuliko watu wawili wakisokota." Shuka hilo lilikauka kwenye kamba kabla ya adhuhuri, mwezi wa Oktoba, bila mashine ya kukaushia.

Ukimaliza, toa maji yote, suuza pipa, ng'oa upekecho uulaze ubavuni, na uache kifuniko wazi hadi ndani pakauke. Futa rola kwa kitambaa kikavu, legeza kitasa, na uziache zimeachana. Zikibaki zimebanana kwa wiki kadhaa zitaota bapa, na kila zinapozunguka utasikia bapa hilo likigonga kwenye kila nguo utakayopitisha.